Ng'ombe Niliowaomba kwa Mungu

Nina miaka thelathini na minne. Nina mtoto mmoja wa kiume, ndoa sina, na kama wewe ni mmoja wa wale wanaopenda kumpigapiga mtu bega na kumwambia "Mungu ana wakati wake", nakuomba ushushe huo mkono kwanza... unisikilize mpaka mwisho.

Si kwamba simwamini Mungu. Namwamini! Nimebatizwa ningali mchanga, nimeimba kwaya tangu shule ya msingi. Lakini maneno hayo nimeambiwa mno, na mimi mwenyewe nimewaambia wengine mno, na kila nikikumbuka niliyatumia kufunika nini, hasira inanipanda.

Niiteni Kabula. Nyumbani ni Kishapu, kwa watu wa pamba na ng'ombe, ingawa ng'ombe wa baba walikufa karibu wote kwa ukame nilipokuwa msichana mdogo. Zizi likabaki na maksai wa kulimia tu. Kwa wazazi wangu tuko wawili, mimi na mdogo wangu Masanja.

Sasa wewe usiye wa kwetu lazima nikueleze jambo moja, vinginevyo hutaelewa kwa nini ninalia. Kwetu Usukumani, ng'ombe wanaotolewa mahari kwa dada ndio wanaomwoza kaka. Wanaingia kwa mlango huu, wanatokea mlango ule. Nilipovunja ungo, majirani walianza kumtania Masanja, mtoto wa darasa la pili, kwamba mke wake ameanza kukua. Tulikuwa tunacheka. Kumbe lilikuwa jambo zito kuliko tulivyodhani!

Nilikuwa na miaka ishirini nilipokutana na Paskali. Alikuja na kwaya ya Maganzo kwenye mkutano wa kwaya wakati wa Pasaka. Alikuwa akiimba sauti ya nne, mweusi wa kung'aa, mikono imejaa makovu ya kuchimba almasi kwenye vijishimo vya kule kwao. Tulipendana... sina haja ya kueleza zaidi, na nyie mmewahi kupenda.

Aliniambia Maganzo hakuna kitu tena, anakwenda Geita kwenye dhahabu. Akipata, atakuja kwa baba na ng'ombe, tufunge ndoa kanisani. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akanishika mkono akasema, "Tumngojee Mungu, Kabula."

Tumngojee Mungu! Angeniambia nimngojee yeye, ningemuuliza mpaka lini. Lakini alipoweka jina la Mungu mbele, mimi nani nimuulize Mungu mpaka lini?

Nikangoja. Alikuja mchumba mwingine, mfanyabiashara wa mifugo aliyefiwa na mke, mtu mpole na mwenye ng'ombe wake zizini. Baba alifurahi mpaka akaanza kurekebisha zizi. Nikamkataa. Baba hakusema na mimi msimu mzima wa pamba, hata maji ya kunawa alikuwa anamwomba mama wakati mimi ndiye niliyeshika jagi.

Mimi nikajiona shujaa wa imani. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa, mwenyekiti Mama Yusta alinisimamisha mbele ya mabinti awaoneshe mfano wa msichana anayejua kusubiri. Nami nikasimama, kidevu juu, nikatoa ushuhuda. Nikawaambia subira huvuta heri. Mabinti wale wote wameolewa sasa, wengine wana watoto wanne!

Miaka ikaenda. Paskali alikuwa anapiga simu, anatuma vocha, mara chache anakuja Krismasi na viatu vipya na ahadi zilezile. Duara halijatema, anasema. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Watu wanalichimba miezi na miezi bila mshahara, wanakula tu wanachopewa na mwenye duara, mpaka siku watakapoukuta mwamba wenye dhahabu. Hapo ndipo wanagawana mawe. Duara likitema, wewe ni tajiri wa wiki mbili. Lisipotema, umekula vumbi.

Siku moja kwenye jumuiya tulisoma habari za Sara, mke wa Ibrahimu, alivyochoka kuingoja ahadi ya Mungu akatafuta njia yake mwenyewe ya kupata mtoto, na ugomvi uliofuata nyumbani mwake. Katekista akauliza tumejifunza nini. Nikajibu mimi, kwa sauti, kwamba haraka haraka haina baraka. Wakanipigia makofi.

Mwezi uliofuata nilipanda basi la Geita.

Sikiliza, nilikuwa nimechoka! Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, wenzangu wananiita shangazi, baba hanitazami. Nikajiambia kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia. Nikimfuata Paskali hukohuko, nikamzalia, ataona aibu na kuharakisha mambo. Nilimuaga mama, nikamwambia naenda kumsalimia rafiki, siku tatu tu narudi. Sikurudi.

Maisha ya machimboni siwezi kuyasifia. Chumba cha mabati, joto mchana, kelele za karasha zinazosaga mawe mpaka unasahau sauti yako mwenyewe. Nilipika wali na maharage nikawauzia wachimbaji. Paskali hakunipiga wala hakuninyima chakula, nisimsingizie. Ila kila nilipomkumbusha habari ya kwenda kwa baba, jibu lilikuwa lilelile. Likitema. Na lilitema, mara mbili kwa macho yangu nililiona likitema! Mara ya kwanza akanunua pikipiki. Mara ya pili akaingia ubia kwenye duara jingine, eti hilo ndilo la uhakika. Nilipofoka akanijibu kwa upole, "Wakati wa Bwana bado, mama Samweli."

Ndiyo, nilikuwa nimeshamzaa Samweli. Nilimpa jina hilo kwa sababu ya yule Ana wa kwenye Biblia aliyemwomba Mungu mtoto kwa machozi, akamzaa Samweli. Nilijidanganya kwamba na mimi nimeomba kama yeye.

Kilichoniuma kuliko yote kilikuwa Jumapili. Nilikuwa naishi na mwanaume bila ndoa, kwa hiyo komunyo sikuruhusiwa kupokea. Watu wanasimama kwenda mbele, benchi zima linasimama, wewe unabaki umekaa na magoti yako yanawazuia wanaopita. Kila mtu anajua. Nilijifunza kumfinya mtoto kidogo, alie, nitoke naye nje kana kwamba nambembeleza. Mnaona nilipofikia? Nilimfinya mwanangu ili nipate pa kuficha aibu yangu.

Samweli alipofikisha miaka minne, Paskali akaniambia niende nyumbani Kishapu. Machimbo si mahali pa kulea mtoto, akasema, na yeye atakuja na ng'ombe mavuno yakiisha. Nilifurahi. Nikafungasha vyombo vyangu huku naimba!

Mama alinipokea kwa kulia. Baba aliitikia shikamoo yangu, akamtazama Samweli muda mrefu, akamwonesha mahali pa kulala. Masanja alikuwa amekuwa mtu mzima, ana mabega, analima na maksai wa baba. Alikuwa na msichana wake, Kija, wa kijiji cha pili. Kwa Kija walikuwa wanataka ng'ombe, na Masanja hakuwa nao, kwa sababu ng'ombe wake walikuwa kwangu mimi. Hakunilaumu. Alimchongea Samweli trekta la mabua ya mtama, basi.

Mavuno yakaisha. Yakaja mengine, yakaisha. Simu za Paskali zikapungua, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu ya zamani ya kusema namngoja Mungu. Mama Yusta, Mungu amtunze mama wa watu, akaitisha novena kwa ajili yangu. Siku tisa akina mama walijaa kwenye uwanja wetu wakisali. Nilipopewa nafasi ya kutaja nia, sikuuma maneno. Nilisema, Bwana, lete ng'ombe wa Paskali kwenye zizi la baba yangu. Niliwataja kabisa, ng'ombe.

Haikupita muda Paskali akapiga simu.

"Ng'ombe wanakuja Jumamosi," akasema. "Waambie wazee wakae tayari."

Nilipiga kelele mpaka Samweli akaanza kulia. Nikakimbia kwa Mama Yusta bila viatu. Jumuiya nzima ikajua, kijiji kizima kikajua. Mungu wa novena! Baba peke yake ndiye aliyekunja uso. Alisema mahari hujadiliwa kwanza, mshenga huja, watu hukaa na kubishana, ndipo ng'ombe hutoka. Mbona hawa wanakuja na ng'ombe kabla ya maneno? Nikamjibu mimi, mjuaji, kwamba tuna mtoto tayari, wameona aibu, wanataka kufidia muda uliopotea. Baba akatikisa kichwa, lakini akaenda kukata miti ya kuongezea zizi.

Jumamosi ile mama alipika tangu alfajiri. Akina mama wa jumuiya walikuja na vitenge vyao vya sare. Masanja alikuwa amenunua shati jipya, jeupe, na alikuwa ameshamtumia Kija ujumbe. Alisimama kwenye lango la zizi kama askari, anasubiri kuwafungulia ng'ombe ambao wangemletea mke.

Walifika kabla ya saa sita. Majike yenye afya, manundu yamejaa, na dume moja jekundu. Vigelegele vikapasuka! Walikuwa wanaswagwa na wajomba na baba wadogo wa Paskali. Paskali mwenyewe hakuwemo. Nikajiambia kwamba ni desturi, mwoaji hatangulii.

Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee mmoja mfupi mwenye fimbo. Akawasalimu wazee, mwangaluka, wakamjibu. Akakaa. Akamsifu baba kwa kumtunza mtoto vizuri. Kisha akainamisha kichwa.

"Mzee, tusiwapotezee muda," akasema. "Hawa si wa kuoa. Hawa ni wa mtoto."

Kwetu, mtoto aliyezaliwa kabla ng'ombe hawajatoka ni wa ukoo wa mama yake. Baba yake akimtaka, analeta ng'ombe kumkomboa, anamchukua. Paskali alikuwa anafunga ndoa kanisani na mwanamke mwenye duka Buseresere. Alitaka kuingia kwenye ndoa yake akiwa na mwanawe wa kwanza, mambo yote yamenyooka.

Mama alikuwa bado anapiga vigelegele jikoni, kwa sababu hakuna aliyekwenda kumwambia. Sauti ile... mpaka leo sipendi kusikia vigelegele, hata vya harusi ya mtu nimpendaye.

Nilimpigia Paskali palepale uwanjani. Alipokea. Akasema hakunidanganya, alisema ng'ombe wanakuja na wamekuja. Akasema Samweli atasoma shule nzuri. Akasema, jamani, akasema tumwachie Mungu! Nikaitupa simu.

Najua kuna wanaotaka kunifundisha sheria, kwamba siku hizi mtoto habadilishwi kwa ng'ombe, kuna ofisi zinazoshughulikia mambo hayo. Najua. Lakini uwanjani siku ile hapakuwa na ofisi. Palikuwa na baba yangu, na baba yangu alikuwa ameshainuka anawazunguka wale ng'ombe, anawashika manundu, anawatazama meno. Miaka mingapi zizi lake lilikuwa na maksai tu? Macho yake yalikuwa na maji. Alirudi akakaa, akasema mila ni mila, mtoto ana baba yake, na mimi nilitoka nyumbani bila kumuuliza. Maneno yake yalikuwa ya kweli, ndiyo maana yalinikata.

Nilimshika Samweli nikamkumbatia mpaka akalalamika. Nilimwangalia Mama Yusta, naye akatazama chini. Nikamwuliza Mungu kimoyomoyo, kwa hasira, sikumbembeleza: ndicho nilichokuomba hiki?

"Masanja," baba akaita, "fungua zizi."

Watu wote wakageuka. Fikirieni na nyie. Ng'ombe wale wakiingia mle ndani, Masanja anamwoa Kija kabla ya mvua. Kwake hawakuwa na tofauti yoyote na ng'ombe wa mahari, mkia ni uleule, pembe ni zilezile. Alikuwa amengoja miaka yote ile bila kunilaumu, na shati alikuwa nalo mwilini.

"Sifungui, baba."

Baba akadhani hakusikia vizuri, akarudia. Masanja akaegemea lango.

"Sitaoa kwa mtoto wa dada."

"Ukiwakataa hawa, utaoa na nini?"

Masanja akafikiri kidogo, kana kwamba ameulizwa bei ya mbegu.

"Nitakaa," akasema.

Baba alipayuka, wajomba wa Paskali wakapayuka, akahesabiwa kuwa mtoto asiye na adabu, naye hakubanduka langoni. Wakambembeleza, wakamtisha. Mwisho mzee mfupi akasimama, akapangusa suruali, akawaambia vijana wake wawageuze ng'ombe. Wakaondoka nao kwa njia waliyojia, na chakula cha mama hakikuliwa na mtu.

Samweli yuko nami. Yuko darasa la tatu, anasumbua, anapenda mpira kuliko hesabu. Paskali alifunga ndoa yake na hajarudi tena kumtaka. Nami nilikwenda kitubio, nikapokea komunyo baada ya miaka mingi, nikalia mpaka mtu wa pembeni yangu akasogea.

Mngependa niishie hapo, sivyo? Mseme Mungu ni mwema, na ni kweli ni mwema. Lakini Kija alingoja msimu mmoja, kisha wazazi wake wakamwoza kwa mtu wa upande wa Meatu. Siku ya harusi yake Masanja alikwenda shambani asubuhi kama kawaida. Nilimpelekea uji, akaunywa, akaniambia sukari imezidi.

Hapo ndipo ninapokasirika! Kwa nini alipe yeye? Nilimuuliza paroko wetu, akanyamaza. Namshukuru kwa kunyamaza, maana angeniambia habari ya wakati wa Mungu ningetoka mbio.

Nimekaa na hasira hii muda mrefu mpaka nimeielewa. Miaka yote ile nilisema namngoja Mungu. Uongo! Nilikuwa namngoja Paskali, na Mungu nilimweka juu kama kitambaa cha meza. Kama ningekuwa namngoja Mungu kweli, ningemuuliza maswali. Ningewauliza wazazi. Ningeona kwamba mwanaume anayetaka kuoa hupeleka hata mbuzi. Na nilipochoka, sikuchoka na Mungu, nilichoka na Paskali, lakini amri niliyoivunja ilikuwa ya Mungu na lango nililoliruka lilikuwa la baba yangu.

Dada zangu, kungoja si kukaa tu ukitaja jina la Bwana. Anayekuambia mmngojee Mungu, mtazame anafanya nini yeye wakati wa kungoja. Na wewe uliyechoka, unayetazama ratiba ya mabasi, nakusihi, usipande. Nyuma yako kuna mtu anangoja pia, naye hana pa kukimbilia. Mimi sikugeuka kumtazama.

Sasa hivi nafuga mbuzi. Nawauza mnadani, na mwaka jana nilifaulu kuwabadilisha wachache na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Yuko kwenye zizi la baba, na baba anamchunga mwenyewe ingawa anajifanya hamjali. Nitamwoza mdogo wangu kwa mkono wangu. Mtamba mmoja hamwozi mtu, najua, na mbuzi hawazai kwa hasira zangu, nimejaribu. Nasali, nawapa maji, nangoja wazae.

Ombi langu la mwisho si kwenu wote. Ni kwa binti mmoja nisiyemjua, popote ulipo, uliyewekwa na Mungu kwa ajili ya Masanja. Mdogo wangu, najua sina uso wa kumwambia mtu asubiri. Lakini usichoke, tafadhali. Yeye hajachelewa, ni mimi niliyemchelewesha.